Kisanduku cha sola kinapolala: juu ya nini umelipa na taa bado haiwake

Saa moja ya jioni, Walungu. Mama ametoka soko ya Mugogo, amelipa deni ya sola kwa telefoni, na ujumbe umerudi kusema malipo yamepokelewa. Anafika nyumbani: taa haiwake. Kwenye kisanduku kilichotundikwa ukutani kanaonekana tu kataa kadogo kekundu. Mtoto anangoja na daftari yake. Jirani anapita na kusema: "Wamekula pesa yako."

Mara nyingi hakuna mtu aliyekula pesa. Kisanduku kimelala. Kimelala kwa sababu kilipangwa kulala, na kama kisingelala, taa ya mtoto ingezimika mapema zaidi kila usiku. Kuelewa usingizi huo kunaweza kuokoa ugomvi mwingi kati ya familia na wanaouza sola.

Kuna nini ndani ya kisanduku

Mabwawa ya Ruzizi I na Ruzizi II hayako mbali, lakini katika vijiji vingi vya Ngweshe na Kaziba waya wa SNEL haujafika. Watu wamezoea kutafuta mwangaza wao wenyewe. Sola ya kulipa kidogo kidogo ndiyo imefungua njia kwa familia zisizoweza kutoa dola mia kwa siku moja: unalipa kianzio, unapeleka kisanduku nyumbani, kisha unalipa kila siku, kila juma au kila mwezi mpaka deni inaisha.

Mtindo huu ulikua sana Kenya, ambako kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mwaka 2012 kwa malipo ya M-Pesa. Hapa Kongo, Bboxx ni moja ya kampuni zinazouza kwa namna hiyo. Altech nayo inajulikana sana: ilianzishwa mwaka 2013 na wana wawili wa Kivu ya Kusini, Washikala Malango na Iongwa Mashangao, waliokulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania.

Visanduku hivyo ni vya aina mbili, na ni vizuri kujua chako ni kipi.

Aina ya kwanza haina rezo yoyote. Ukilipa, unapata namba kwenye telefoni yako, unaibonyeza kwenye vitufe vya kisanduku, na chenyewe kinahesabu siku ulizonunua. Aina hii haina cha kulala wala cha kuamka upande wa rezo.

Aina ya pili ina laini ndani, yaani kadi ya SIM sawa ile ya telefoni, pamoja na kipande kidogo kinachoitwa modemu. Modemu ndiyo inayoongea na mnara. Kupitia kwayo kampuni inajua kama umelipa, inafungua au inafunga umeme, na inaona kama batri iko salama. Habari hii ni ya aina hiyo ya pili.

Kusema ni ghali, kusikiliza ni rahisi

Angalia radio ndogo ya betri mbili. Inaweza kuimba siku nyingi, juu radio inapokea tu, haitume kitu. Telefoni na modemu zinapokea na pia zinatuma, na kutuma ndiko kunakokula batri.

Modemu za 2G, zile zinazotumiwa sana katika vyombo vidogo, zinapotuma kwa nguvu zote zinaweza kuvuta mpaka ampea 2. Taa ndogo ya wati 1 inavuta karibu robo ya ampea tu. Kwa hiyo, katika punje ya muda modemu inaweza kuvuta sawa taa nane. Bahati nzuri, punje hiyo ni fupi sana: katika 2G modemu inasema kwa muda wa kama nusu ya elfu moja ya sekunde, inanyamaza ikingoja zamu yake, kisha inasema tena.

Hata isipokuwa na neno la kutuma, modemu inabaki na kazi ya kusikiliza. Mnara unaita majina ya telefoni zote zilizo karibu nao, na kila telefoni inafungua sikio kwa zamu, kila baada ya nusu sekunde mpaka sekunde mbili hivi, kuangalia kama inaitwa. Katikati ya zamu hizo inaweza kufunga macho. Zaidi ya hapo, mara kwa mara inapaswa kuuambia mnara: "Bado niko." Ni kampuni ya rezo inayopanga kila baada ya muda gani, kuanzia dakika 6 mpaka zaidi ya saa 25.

Hesabu ya taa ya mtoto

Tuchukue modemu ya kawaida ya 2G na tufanye hesabu. Namba zinabadilika kidogo toka modemu moja mpaka nyingine, lakini picha ni ileile.

Modemu iliyo macho, haitume kitu lakini haijalala, inavuta karibu miliampea 18. Kwa saa 24 hiyo ni miliampea-saa 432. Kwa batri ya volti 4 hivi, ni karibu wati-saa 1,7. Taa ya wati 1 ingewaka zaidi ya saa moja na nusu kwa umeme huo. Ni muda wa mtoto kumaliza kazi za shule na mama kupika.

Modemu iliyolala usingizi mwepesi, yaani inayofungua sikio kwa zamu tu, inavuta karibu miliampea 1. Kwa siku nzima ni wati-saa 0,1 hivi: dakika sita za taa.

Modemu iliyozimwa kabisa, ikabaki saa ndogo tu ya kuiamsha, karibu haile kitu. Tuseme inaamka mara moja kwa siku, inatafuta mnara, inaongea na kulala tena, na kazi yote inachukua dakika moja kwa wastani wa miliampea 300. Gharama yake ni dakika moja na kidogo ya taa. Ikiamka kila saa, mara 24 kwa siku, gharama inapanda mpaka karibu nusu saa ya taa.

Siku ya jua kali, wati-saa 1,7 hazionekane. Pano inajaza batri mpaka saa nane ya mchana na nyingine inapotea bure. Lakini huku kwetu mvua inaanza mwezi wa tisa na inaenda mpaka wa tano, na kuko asubuhi ambazo ukungu hautoke mlimani mpaka saa nne. Siku kama hizo pano inaleta kidogo sana, na kila dakika ya usingizi wa modemu ni dakika ya taa iliyobaki kwa watu wa nyumba.

Namna za kulala

Fundi anayeandika programu ya kisanduku anachagua moja ya namna hizi, au anazichanganya.

Ya kwanza ni usingizi mwepesi. Kisanduku kinaendelea kusikiliza mnara. Ukilipa, kinaitwa na kinafunguka katika dakika chache. Kinakula kidogo, lakini kinakula mchana na usiku.

Ya pili ni kuamka kwa saa. Modemu inazimwa kabisa, kisha inaamshwa kwa mfano kila saa sita, au mara moja kwa siku. Wakati iko imezimwa, hakuna anayeweza kuiita. Malipo yako yanangoja kwenye kompyuta ya kampuni. Hayapotee, lakini hayafike kabla ya saa ya kuamka. Hapo ndipo mama wa Mugogo anakuta taa nyekundu.

Ya tatu ni kuamshwa na jambo. Kisanduku kinalala mpaka mtu abonyeze kitufe, au pano ianze kupata jua asubuhi, au batri ishuke chini ya kiasi fulani. Kisanduku kizuri kinachanganya namna hii na ile ya pili: kinaamka kwa saa zake, lakini pia kinaamka mwenye nyumba akibonyeza kitufe kuomba kiangalie malipo.

Ya nne ni mpya zaidi. Tangu miaka ya 2015 na 2016, kanuni za kimataifa za rezo ya 4G zina namna mbili za usingizi zilizotengenezwa kwa ajili ya vyombo vidogo. Moja inajulikana kwa herufi PSM: modemu inakubaliana na mnara kwamba italala muda fulani, na mnara unakubali kutunza jina lake bila kuisumbua. Muda huo, kwa kanuni, unaweza kupita siku 400. Ikiamka haina haja ya kujiandikisha upya, na hilo linaokoa umeme mwingi. Nyingine, eDRX, inarefusha nafasi kati ya zamu za kusikiliza: pahali pa sekunde mbili, inaweza kuwa dakika nyingi, hata karibu saa tatu kwa aina fulani ya modemu. Lakini ili zitumike, kampuni ya rezo inapaswa kuzifungua kwenye minara yake, na modemu yenyewe iwe ya aina hiyo. Pahali ambapo ni 2G tu inayofika, kisanduku kinarudi kwa namna zile za zamani.

Mlima ukiwa katikati

Hesabu yote ya juu inafikiri kwamba rezo iko karibu. Walungu ni inchi ya milima. Nyumba moja inaona mnara vizuri, na nyingine, mita mia mbili chini ya mteremko, haione kitu.

Telefoni au modemu ya 2G inarekebisha sauti yake kufuatana na umbali. Karibu na mnara inanong'ona kwa nguvu ndogo kabisa, miliwati chache tu. Mbali, au nyuma ya mlima, inapiga kelele mpaka wati 2 kwenye masafa ya 900. Tofauti kati ya mnong'ono na kelele ni karibu mara 600. Na ikikosa mnara kabisa, inaanza kutafuta: inapita masafa moja baada ya lingine, macho wazi, bila kulala.

Programu mbaya inaacha modemu itafute bila kukoma, na batri inakwisha kwa kutafuta tu. Programu nzuri inajifunza subira: ikikosa mara ya kwanza, inajaribu baada ya dakika tano, ikikosa tena, baada ya saa moja, tena, baada ya saa sita. Inaokoa batri, lakini ina bei yake: rezo ikirudi, kisanduku hakijue mpaka zamu yake ifike. Familia inaona telefoni ya mfukoni iko na rezo na kisanduku bado kimenyamaza, na inafikiri ni uongo.

Vilevile pahali kilipotundikwa kisanduku pana maana kubwa. Mabati yanazuia rezo. Kisanduku kilichobanwa kwenye pembe kati ya mabati ya ukuta na ya paa kinasikia vibaya. Kukisogeza karibu na dirisha la upande wa mnara kunaweza kubadilisha kila kitu, bila kutoa hata franga moja.

Taa inawaka, kisanduku hakiseme

Kuko tatizo lingine ambalo linaleta ugomvi mkubwa, na wachache wanalielewa.

Batri inapozeeka, bado inaweza kuwasha taa ndogo kwa saa kadhaa, juu taa inavuta kidogo na taratibu. Lakini modemu inapotaka kutuma, inavuta kwa ghafula ile ampea 2. Batri iliyochoka haiwezi kutoa nguvu nyingi kwa ghafula: volti zinashuka, modemu inazimika, inajiwasha upya, inajaribu tena kutuma, inazimika tena. Inaweza kufanya hivyo usiku mzima, na kila jaribio linakula batri zaidi.

Kwa familia, hali inaonekana hivi: "Taa inawaka vizuri, basi batri iko muzima. Ni kampuni inatufunga." Kwa kampuni inaonekana hivi: "Kisanduku hiki hakijaongea tangu wiki mbili. Labda mwenyewe amekifungua, au ametoa antena." Kila upande unafikiri mwenzake ni mwizi, na kumbe ni batri iliyozeeka. Batri ya mwaka wa tatu au wa nne inastahili kupimwa kabla mtu hajatukanwa.

Si kila chombo kina ruhusa ya kulala

Usingizi unafaa kwa chombo ambacho habari zake zinaweza kungoja. Chombo cha kupima maji ya bomba la kijiji kinaweza kuhesabu kimyakimya na kutuma mara moja kwa siku. Kipima-mvua kinaweza kulala juma nzima la kipwa, na kuamshwa na tone.

Lakini mitambo ya kupima mitetemeko kuzunguka volkano haina nafasi hiyo. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na lava ikafika pembeni ya Goma siku hiyohiyo ya jioni. Mtambo unaongoja kesho asubuhi ili useme ulichosikia leo usiku haufae kwa kazi kama hiyo. Ndiyo maana vituo vya namna hiyo vinahitaji pano kubwa, batri kubwa na rezo inayolipiwa bila kukatika. Kutolala ni gharama, na kuko mahali ambapo gharama hiyo ni lazima ilipwe.

Kwa kisanduku cha nyumbani, swali ni: nani anaamua? Kampuni inapenda kisanduku kiamke mara nyingi, ili ione malipo na hali ya batri. Familia inapenda taa. Umeme wa kuamka unatoka kwenye pano ambayo familia inalipia. Uamuzi uko ndani ya programu, na mteja hauone. Lakini ana haki ya kuuliza.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Kisanduku kinatumia namba za kubonyeza au kina laini ndani? Kama kina laini, ni ya rezo gani, na je, rezo hiyo inafika nyumbani kwako, si sokoni tu?

Nikilipa, kitafunguka baada ya muda gani? Jibu la "papo hapo" lijaribiwe mbele ya muuzaji, lakini kule nyumbani, si kwenye duka ya Bukavu ambako mnara uko juu ya kichwa.

Kuko kitufe cha kukiamsha? Kinabonyezwa namna gani, kwa muda gani?

Rezo ikikosekana juma nzima, na mimi nimelipa, kisanduku kitaendelea kuwaka au kitajifunga? Je, naweza kupewa namba ya dharura ya kukifungua?

Batri ikichoka, nani anaibadilisha, na ni kwa bei gani?

Na taa ikikataa baada ya malipo, hatua ni chache. Tunza ujumbe wa malipo, usiufute. Bonyeza kitufe cha kuamsha kama kipo. Sogeza kisanduku karibu na dirisha, au kwenye sehemu ambapo telefoni yako inapata rezo, na ungoje. Ikifika kesho yake bado, piga simu kwa muuzaji na umuulize swali moja: "Kisanduku changu kiliongea mara ya mwisho siku gani?" Jibu hilo litaonyesha kama tatizo ni rezo, batri au malipo yenyewe. Usikifungue kwa bisibisi: kufungua kunaweza kuharibu antena na kukupotezea haki ya kutengenezewa.

Na telefoni ya mfukoni

Somo hilohilo linafaa kwa telefoni, hasa kwa yule anayelipa kila mara ili kuichaji senta. Ukilala kwenye nyumba isiyo na rezo, telefoni inatafuta usiku kucha na asubuhi batri imekwisha. Weka hali ya ndege, ile yenye alama ya ndege, mpaka asubuhi. Kama huko kwenu 2G ndiyo inafika vizuri, ichague peke yake kwenye mipangilio, ili telefoni isiruke kati ya 2G, 3G na 4G kila dakika. Na zima intaneti wakati huitumii, juu programu nyingi zinaamsha modemu kimyakimya ili kuuliza habari ambazo hakuna aliyeziomba.

Haba na haba hujaza kibaba, na ni haba na haba vilevile inayomwaga batri. Mama wa Mugogo, kwa kawaida, ataona kataa kekundu kakigeuka kijani kisanduku kikifika zamu yake ya kuamka. Angejua mapema zamu hiyo ni saa ngapi, angelipa asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na jioni mtoto angesoma.